Nyasi Zilizoota Ndani ya Nailoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wa benchi za mbele, asifiwe na wale wa nyuma ambao huwa wanaitikia kwa midomo bila sauti! Mimi ni Mama Kioko, mnanijua, nyumba yangu iko hapa chini Kola, nimeokoka na ninampenda Yesu. Leo sikuja kuwaambia niliponywa malaria. Nimekuja kuwasimulia jinsi Mungu alivyoniokolea ng'ombe, na kwa huyo ng'ombe akaniokoa mimi mwenyewe. Msicheke! Anayecheka hajawahi kuona ng'ombe wake wa mwisho akipiga magoti.

Mnakumbuka ule mwaka wa ukame. Mvua ya Novemba ilipita juu ya vichwa vyetu ikaenda kunyeshea wengine. Ya Aprili ilikuja kutusalimia tu, ikarudi. Maji tulikuwa tunachimba kwenye mchanga wa mto, unakaa hapo unachota kikombe kimoja kimoja mpaka mtungi ujae. Mahindi ya msaada tulikuwa tunapanga foleni kwa chifu, hata sisi ambao tulikuwa tunajiita wakulima. Boma letu lilikuwa na ng'ombe wengi. Wengine walikufa, wengine wakachukuliwa na mabroka wa kichinjioni, akabaki mmoja, Mumbua.

Mumbua ni jina tunalompa msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, na huyu ng'ombe alizaliwa siku ya mvua kubwa. Akina Mumbua mlio hapa ndani, mnisamehe, ni mama yangu alimpa hilo jina. Mama alinipa huyo ng'ombe akiwa ndama, yeye mwenyewe akiwa amelala kitandani, na hakuamka tena. Aliniambia, "Huyu usimuuze." Mama hakuniachia shamba wala nyumba, ndugu zangu. Aliniachia Mumbua. Na ule mwaka Mumbua alikuwa na mimba, tena kubwa, mbavu zake zinahesabika na tumbo limening'inia chini.

Mzee wangu, Baba Kioko, si mtu mbaya. Jioni moja aliniambia, "Mama Kioko, huyu auzwe akiwa bado anasimama. Akianguka hata broka hatamtaka, na wewe utakosa ng'ombe na utakosa nyama." Na alikuwa anasema ukweli! Uchungu wangu ulikuwa hapo. Nikamwomba aniachie mpaka azae. Akanyamaza. Mzee wangu akinyamaza amekubali, lakini hakubali kwa muda mrefu.

Nikatafuta chakula cha huyo mnyama kama mwendawazimu. Nilikata mabua yaliyokuwa yamebaki shambani mpaka vikonyo. Nilipanda miti kuvunja matawi, mimi mama wa watu wazima. Mwishowe nikafumua nyasi za paa la jikoni, nyasi nyeusi kwa moshi wa miaka, nikampelekea. Alikula! Alikula akiniangalia, na mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu ng'ombe akila paa lako, hakuna kingine cha kumpa.

Sasa niko na dada yangu mdogo, Mueni, aliyekuwa anafanya kazi kwa shamba la maua upande wa Athi River. Mwisho wa mwezi alikuja nyumbani na gari la mizigo, ameleta marobota ya karatasi za nailoni zilizotolewa kwenye nyumba za maua zikiwa zimechanika, pamoja na gunia moja la shayiri. Akaniambia msimamizi wao anafuga mbuzi mahali hana hata shamba. Anaotesha shayiri kwa maji bila udongo, na baada ya wiki moja hivi anawapa mbuzi yote, majani na mizizi na punje. "Dada," akaniambia, "kama huku nje hakuna mvua, tengeneza mvua yako ndani." Akanieleza haraka haraka, dereva akiwa anapiga honi, kisha akaenda.

Nikajenga. Nilisimamisha miti, nikainamisha fito juu yake, nikafunika kwa zile nailoni na kushona matundu kwa uzi wa gunia. Upande wa jua nikatundika magunia makuukuu kwa kivuli. Ndani nikafunga kichanja cha fito, orofa juu ya orofa. Trei sikuwa nazo. Nikachukua mitungi ya mafuta ya kupikia, nikaipasua katikati kwa urefu, nikaitoboa kwa msumari wa moto. Baba Kioko alikuja akasimama, akaangalia, akaniuliza, "Maji ya watu hayatoshi, wewe unataka kunywesha shayiri?" Nikamwonyesha beseni nililoweka chini, maji yanayochuruzika yanaingia hapo, mbuzi wetu wachache wanayanywa. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Lakini broka alipopita kesho yake, hakumwita.

Sasa sikilizeni kosa langu, na ni mtu wa Ukambani tu angelifanya. Mimi kuotesha nafaka nilikuwa nimeona mahali pamoja tu maishani, kwa susu yangu, nyanya yangu, kabla injili haijamfikia. Susu alikuwa anapika pombe! Alikuwa analowesha nafaka, anaijaza kwa gunia, anafunga mdomo, anaweka mawe juu, anaficha mahali penye joto mpaka imee. Mueni aliposema "lowesha, imee", mikono yangu haikumsubiri amalize. Ikafanya kama ya susu. Nikailowesha shayiri siku mbili, nikaishindilia kwa gunia, nikafunga nailoni kila upande hata upepo usipite, nikaomba, nikangoja.

Ndugu zangu, kilichotoka hapo ndani! Ilimea, ndiyo, lakini ilishikana bonge moja moto, ikaota ukungu mweupe na mweusi, na harufu yake ilikuwa ile ile ya nyumba ya susu siku ya kuchuja. Mumbua alinusa akageuza uso. Na upepo wa Kola mnaujua, haubakishi siri. Harufu ilifika mpaka njia ya kanisa.

Jumapili iliyofuata nilivaa leso yangu ya sare, nikaenda kusimama na wamama wa kwaya kama kawaida. Mama Ndunge, kiongozi wetu wa wamama, akanishika mkono akanipeleka kando. Mama Ndunge mnamjua, hana maneno mengi. "Mama Kioko, tumesikia harufu kwako. Shayiri ni ya bia, hata mtoto anajua. Kaa chini kwanza tuangalie hii maneno." Nikafungua mdomo kueleza, kwaya ikaanza kuimba. Nikakaa. Nilikaa kwa benchi pale nikiwa na sare ya kwaya, watu wananiangalia kisogo, na sikuweza hata kusema naonewa kabisa, kwa sababu njia niliyotumia kweli ilikuwa ya pombe! Niliumia, ndugu zangu. Njaa nilikuwa nimeizoea. Kuitwa mpika pombe na watu niliookoka nao, hiyo sikuwa nimeizoea.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Mungu, "Umenyamaza kwa mvua, umenyamaza kwa kwaya. Sasa mimi nifanye nini?" Sikusikia sauti yoyote. Kile nilichopata ni hamu ya kwenda kuosha mitungi. Basi nikaenda kuosha. Siku hizo simu ya mkononi ilikuwa kwa mwalimu wa shule peke yake, akanisaidia nikaongea na Mueni. Mueni alicheka mpaka nikasikia wenzake wakimuuliza kuna nini. "Dada! Hiyo ni chakula ya ng'ombe, si ya sherehe! Fungua dirisha!"

Akanielekeza polepole. Osha punje mpaka maji yawe safi, tupa zinazoelea. Tia dawa kidogo ya kutakasa maji, suuza. Lowesha usiku mmoja tu. Chuja. Zitandaze nyembamba kwenye trei, zisipite unene wa kidole, usizishindilie. Inamisha trei maji yasituame. Nyunyizia kidogo mara kadhaa kwa siku, na uache hewa ipite. Ukiona ukungu, tupa, usimpe mnyama. Nikakata madirisha kwa ile nailoni pande mbili, nikapiga magoti kati ya kichanja na ukuta, nikasema, "Bwana, hii ndiyo shayiri iliyobaki."

Ikaota! Kwanza vijizizi vyeupe, halafu kila punje ikasimamisha ncha ya kijani. Huko nje kila kitu kilikuwa rangi ya vumbi, na mimi nikifunua pazia la nailoni naona kijani mpaka macho yanauma. Mizizi ilijisuka ikawa kama mkeka, unainua kipande kizima hakikatiki. Harufu ilikuwa ya majani mabichi tu. Nilipanga kumwonjesha Mumbua Alhamisi asubuhi.

Alhamisi asubuhi Mumbua alikuwa chini.

Ng'ombe aliyelala mnamjua, na aliyeanguka mnamjua. Miguu ilikuwa imemwenda upande, shingo imenyooka chini, macho yamekauka. Nilimvuta, nikamsukuma, nikamlilia kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Baba Kioko alisimama pale, akaenda kutoa kisu ndani. Ni desturi, mnyama asife hivi hivi. Lakini alirudi akakaa juu ya jiwe, kisu kiko magotini, hakuweza kuniangalia.

Na ndugu zangu, ni hapo hapo nikasikia mlangoni, "Hodi hapa!" Kamati ya wamama! Mama Ndunge mbele, wengine nyuma yake, Biblia mkononi, leso za sare. Wamekuja kukagua pombe. Nikasema moyoni, Bwana, umechagua siku.

Sikuwakaribisha. Sikuwa na nguvu ya kukaribisha. Nilisema tu, "Mama Ndunge, nyumba ya shayiri ni ile pale, ingieni mnuse. Mimi ng'ombe wa mama yangu anakufa."

Mama Ndunge hakuenda kwenye ile nyumba. Alimwangalia Mumbua, akaangalia kile kisu, akaweka Biblia yake juu ya ukuta wa boma. Akafungua leso ya sare kiunoni. "Leteni miti miwili," akasema. "Na magunia. Baba Kioko, weka hiyo kisu, shika mkia." Wale wamama wote wakafungua leso. Wakazikunja pamoja na magunia, wakapitisha chini ya kifua na nyuma ya tumbo wasimbane ndama, wakafunga kwa miti. Tukaiweka ile miti mabegani, huku na huku. Mama Ndunge ndiye alikuwa amebeba upande mzito, shavu lake limegusa ubavu wa ng'ombe, na akaanzisha ule wimbo wa kwaya, ule ule walioimba siku niliyoketishwa. Tukainua! Miguu ikatetemeka, ikateleza, tukainua tena. Mumbua akasimama, akatuegemea wote.

Nilikimbia kwa nyumba ya nailoni nikavunja kipande cha mkeka wa kijani, nikakichanganya na nyasi kidogo zilizobaki za paa, nikamwekea mdomoni. Alikinusa. Ndugu zangu, nilikufa nikafufuka katika kule kunusa! Akatoa ulimi, akavuta, akatafuna. Akatafuta mkono wangu kuona kama kuna kingine. Wamama walikuwa wanalia hapo chini ya miti, na hakuna aliyeweza kupangusa macho kwa sababu mikono yote ilikuwa imebeba.

Baadaye Mama Ndunge aliingia kwenye nyumba yangu ya nailoni peke yake. Alikaa huko. Alipotoka alikuwa na majani ya shayiri katikati ya meno, ameonja! Akaniambia, "Mama Kioko, Jumapili ukuje na sare." Kisha akasema neno ambalo sijawahi kulisikia kwake kabla wala baada: "Nisamehe."

Hatukumaliza siku hiyo. Walirudi kila asubuhi kumwinua, kwa zamu, mpaka akaanza kuinuka mwenyewe akitusikia tukija. Nami kila siku nilitoa trei moja na kulowesha nyingine. Akazaa ndama jike, mvua bado haijaja. Maziwa ya kwanza baada ya dang'a, yale mazito ya ndama, niliyagawa kwa kila nyumba iliyoleta bega. Ndama tulimwita Ndunge, na Mama Ndunge alikasirika juma zima, halafu akaanza kumletea maganda ya ndizi. Baba Kioko hajaokoka bado, mwombeeni, lakini ndiye anayeosha mitungi siku hizi, na ukigusa trei zake bila kunawa utafukuzwa.

Namshukuru Mungu. Sikumwona akishuka na mvua. Nilimwona akija na leso kiunoni. Ninyi mlio na mifugo, njooni mwone nyumba yangu, hata nailoni iliyochanika inatosha, na nitawaonyesha hata kosa langu ili msilirudie. Lakini kuna mmoja hapa ndani ambaye asubuhi hii ameacha kitu kimeanguka nyumbani, na amekuja kuketi nasi akiwa amenyamaza kwa aibu. Ndugu yangu, dada yangu, mtumaini Bwana, na tuambie ni wapi. Tutakuja na miti.