Kilichogonga Juu ya Dari

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa! Itikieni kwa nguvu, maana leo sikusimama kuimba, nimesimama kusema. Mnaonijua hapa Kayanga mnajua mimi ni Mama Editha wa zile nyumba za kampuni, na mnajua mdomo wangu hauchoki kuuliza. Mchungaji ameniomba nisiwe mrefu. Nitajitahidi.

Nianze na nyumba yenyewe. Ile kampuni kubwa ya ujenzi ilikuja na malori yake kutoka mbali, ikapima mteremko wote, ikasimamisha nyumba arobaini kwa ramani moja. Mlango pale pale, dirisha pale pale, bati rangi ile ile! Tulikuwa tukitoka kanisani tunapita kushangaa, na mimi nilishangaa kuliko wote. Kwetu nyumba unaiona ikikua. Unajua nguzo hii aliikata shemeji, na udongo huu waliukanda majirani siku tuliyopika ndizi sufuria tatu. Hii ya kampuni unapewa ufunguo, basi. Nilimuuliza bwana aliyekuwa akiziuza, "Sasa hii ya kwangu aliijenga nani?" Akacheka. "Mama, imejengwa na kampuni." Nikamwambia kampuni haina mikono. Akaendelea kunionyesha bomba la maji.

Lakini niliipenda, ndugu zangu. Mimi ni mtoto wa vibarua. Wazazi wangu walitoka Burundi, wakalima vibanja, yaani mashamba ya migomba ya watu, kule Kyerwa, na tulilala kwenye vibanda vya pembeni, tukihama kila mwenye shamba alipobadili mawazo. Mwaka wa vita vya mpakani, nikiwa msichana mdogo, watu walipita wakigonga milango wakituambia tukimbie. Tangu siku ile, kitu kikigonga, natafuta mlango wa kutokea. Kwa hiyo mume wangu, dereva wa lori la kahawa, mtu wa Ihanda mnayemjua, aliponiambia tumepata nyumba kwa jina letu, nililia mpaka akadhani nimefiwa.

Tulihamia kiangazi. Wiki ya tatu, mchana, jua kali, niko peke yangu nachambua maharage. Nikasikia juu ya kichwa changu: ko, ko, ko. Kimya. Halafu tena: ko, ko. Nikatoka nje mbio, ungo na maharage yote chini!

Lazima niwaeleze wadogo wanaocheka huko nyuma. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuishi chini ya dari. Katika nyumba ya nyasi, au ya bati tupu, ukilala chali unaona paa lako lote mpaka kwenye kombamoyo la mwisho. Hapa unaona siling bodi nyeupe, na juu yake kuna sehemu ya nyumba yako wewe mwenyewe usiyoijua. Nani yuko huko? Nilianza kuwaza hilo mchana kutwa.

Mume wangu aliporudi safari alinicheka. Siku ya pili akasikia kwa masikio yake, akaacha kucheka. Watoto wakakataa kuingia chumba cha nyuma. Wifi yangu akaja na mganga. Ndugu zangu, hapa naona aibu, lakini nimeahidi kusema kweli mbele za Mungu. Mganga alitazama juu, akasema pepo mwenye eneo hajaridhika. Akafukia vitu kwenye pembe nne za nyumba, akanipa hirizi niifunge juu ya mlango wa chumba. Nikaifunga kwa mikono yangu! Jumapili nikavaa joho, nikaja hapa hapa kuimba sauti ya kwanza. Mlikuwa mnanipigia makofi huku hirizi inaning'inia nyumbani kwangu.

Na kilichogonga kiliendelea kugonga.

Ndipo mama mkwe akatamka neno lake. Alimwambia mwanawe, "Huyu amezunguka vibanja vya watu tangu utoto. Kuna kitu kimemfuata." Lilinichoma lile neno, wapendwa. Nikajiuliza kama si kweli. Mume wangu akawachukua watoto akawapeleka Ihanda kwa mama yake, akazungumza na yule bwana wa kampuni. Wakakubaliana Jumatatu aje achukue ufunguo, nyumba irudi. Mimi nibaki nikifunga mizigo, na baada ya hapo tutaona. Hilo "tutaona" nililielewa vizuri. Nyumba ikirudi kwa sababu yangu, hata ndoa haitakaa.

Ijumaa nilipiga magoti kati ya mizigo. Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilisema, "Yesu, mimi nimechoka kukimbia. Kama ni mimi nimekileta, nionyeshe. Kama si mimi, nionyeshe ni nini." Nikainuka, nikaing'oa ile hirizi, nikaitupa jikoni kwenye moto. Sikuona malaika. Nilichopewa ni swali! Likaja wazi kabisa: kama nyumba hizi ni arobaini na zote ni moja, mbona ya Mama Advera imenyamaza?

Mama Advera ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, huyu hapa ameketi, inuka dada wakuone. Jumamosi nikaenda kwake saa ile ile ya mchana, nikamwomba nikae chumba chake cha nyuma. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia nasikiliza. Alijua yaliyonipata, akaniletea chai, akakaa na mimi. Upepo ukaja, migomba yake ikapiga kelele, bati likalia kidogo. Juu kimya! Upepo ule ule, na kupitia dirishani nikasikia kwangu: ko, ko, ko.

Nikaanza kuikagua nyumba yake kama ninayeinunua. Nilihesabu mbao, nikagusa kuta, mpaka nikafika kwenye korido nikaona juu darini mraba wa ubao, kama mlango mdogo. "Hiki ni nini?" Akasema, "Mfuniko. Baba Advera anaweka masanduku huko." Ndugu zangu! Nyumba ni moja, basi na mimi ninao. Tukakimbilia kwangu. Koridoni dari lote lilikuwa jeupe, lakini tulipolitazama kwa karibu tukaona mraba ule ule. Wapaka rangi wa kampuni walipita juu yake na kuuziba.

Tukaweka meza, juu ya meza kiti. Mama Advera akashika miguu ya kiti, akawa anakemea kwa jina la Yesu, na mimi nakwangua rangi kwa kisu cha kumenyea ndizi. Nisiwadanganye, niliogopa. Lakini hamu ya kujua ilikuwa imeishinda hofu, na hiyo nasema Bwana ndiye aliyeiweka ndani yangu tangu tumboni. Nikasukuma mfuniko. Nikaingiza kichwa.

Joto. Harufu ya mbao mpya. Mwanga kidogo ukipita kwenye matundu ya hewa ya ukuta. Sikuona kitu. Nikasema, sishuki mpaka kigonge nikiwa nakitazama. Mama Advera ananiita, "Umeona nini? Sema basi!" Mimi nimekodoa macho gizani. Upepo ukaingia kwenye yale matundu. Na pale karibu na ukuta wa mwisho, kwenye kamba iliyofungwa kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba bati, kichuma kikaanza kuyumba. Ko. Ko. Ko. Kinagonga boriti!

Timazi, wapendwa! Kile kichuma kizito mafundi wanachokining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima. Fundi alikisahau, wa siling bodi wakaja wakafunika, wa rangi wakaziba. Nilicheka nikalia, machozi yakamdondokea Mama Advera kichwani, kisha nikatambaa juu ya boriti mpaka pale, nikaikata kamba kwa kile kisu.

Jumapili baada ya ibada nilipanda baiskeli mpaka Ihanda, timazi kwenye kikapu. Nikamwamkia mama mkwe shikamoo, nikamwekea mbele yake. Akakigeuza geuza. "Nitajuaje hukukinunua dukani?" Nikamwambia, "Mama, njoo uone mwenyewe nilipokitoa." Nilidhani atakataa. Kumbe na yeye moyoni alikuwa anawashwa kujua!

Jumatatu asubuhi akaja na mwanawe na wajukuu. Yule bwana wa kampuni naye amefika, amesimama barazani. Mume wangu ana ufunguo mkononi. Mama mkwe hakumsalimia mtu. Akavua kandambili, akajifunga kanga kiunoni, akapanda meza, akapanda kiti, mama wa umri ule! Mwanawe anamshika huku na huku. Kichwa kikapotea juu ya dari. Akakaa huko muda mrefu sana. 

Halafu tukasikia sauti yake kutoka juu: "Kamba iliyokatwa naiona. Na huku mnaweka kitu gani kingine?"

Nikamjibu, "Hakuna kitu, mama."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

 Akasema, "Basi nilikuwa namfukuza mke wa mwanangu kwa ajili ya hakuna kitu."

Akashuka. Akauchukua ule ufunguo mkononi mwa mume wangu, akauweka mkononi mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake mbele ya yule bwana wa kampuni. 

Ndugu zangu, namshukuru Mungu, namshukuru Mama Advera, na nawaomba radhi kwa ile hirizi. Kama kuna kitu kinagonga kwako, nakuomba usimpelekee mganga. Mpelekee Yesu, halafu omba kiti na mtu wa kukushikia, upande ukatazame. Yesu hakukasirika nilipomuuliza. Kiti ninacho, ngazi sasa ninayo, na nyumba yangu mnaijua: ya kumi na moja ukihesabu kutoka barabarani, maana kwa kuitazama tu huwezi kuitambua. Njooni!