Mianzi ya Mwalimu Josephina

Pale Kichangani, mjini Morogoro, uchochoro unapokutana na njia ya sokoni, pana benchi la mbao ambalo ukilikalia kuanzia saa kumi alasiri hutoki na siri yako salama, na ya jirani yako ndiyo kabisa. Kahawa inaletwa na birika. Kashata zikiwepo zinaliwa, zisipokuwepo wanatafunwa watu. Tangu ruksa ya biashara huria iingie, sabuni na mitumba vikajaa kila duka, wazee wa benchi walikuwa na mengi ya kuchambua, lakini mwaka ule hawakuchambua kingine ila mianzi ya Mwalimu Josephina.

Mwalimu huyu alikaa ng'ambo ya uchochoro, hatua kumi tu kutoka benchini, katika nyumba ya kona yenye baraza. Aliishi peke yake, hana mume wala ndugu wa karibu. Baada ya Krismasi alipanga barazani makasha sita ya mbao yaliyokuja na mafriji ya dukani, akayajaza udongo, akaotesha mianzi. Masika yalipokwisha ilikuwa imesimama kama ukuta wa kijani kibichi, isipokuwa kasha moja la katikati ambalo shina lake lilikufa. Benchi likasogezwa mkabala na pengo hilo. Aliyelisogeza hakujulikana, ila hakuna aliyelirudisha.

Aliyejua mianzi ilikotoka alikuwa mmoja tu, Stefano, mkulima wa kabichi kutoka Mgeta, ambaye benchi lilimbatiza Tenga kwa sababu hakuachana na tenga lake. Yeye ndiye aliyeichimba shambani kwa mjomba wake, akaiteremsha mjini shina moja moja chini ya kabichi, na kuipitisha mlango wa uani kabla wenzake hawajatoka majumbani. Alikuwa amefiwa na mke mwaka wa tano sasa, na mjini kote ni Mwalimu peke yake aliyemwita Bwana Stefano. Tena alishamwambia: pengo likizibika, aje wanywe chai barazani. Stefano aliitaka chai ile jamani, asikudanganye mtu. Na benchi nalo alilitaka, maana lilikuwa ndiyo nyumbani kwake mjini. Jumamosi hiyo gari la Mgeta lilichelewa. Akawakuta wenzake wameshakaa, naye akaketi, shina la mwisho likiwa ndani ya tenga miguuni pake.

Mzee Ahmadi, karani mstaafu aliyeitwa Waziri kwa jinsi alivyopenda kuhutubia, alikuwa ameshafungua kikao. Kwa maoni yake Mwalimu alikuwa anabadilisha dola. Dola siku hizi si kesi, alisema, lakini leseni hana, ndiyo maana anajificha. Mikaeli, anayeitwa Redio bila haja ya kueleza kwa nini, akapinga: ule ni ukumbi wa video, na waya zimepitishwa ndani ya mianzi yenyewe, ndiyo sababu akachagua mmea wenye uwazi katikati. Tomasi, ambaye aliwahi kufagia maabara ya chuo na tangu hapo akawa Sayansi, aliwasikiliza kwa huruma.

— Anafuga mamba, alisema. Ngozi ina soko Ulaya. Mianzi inampoza.

— Mbona hatujawahi kumsikia?

— Mamba hapigi kelele, Redio. Huo ndio ushahidi wenyewe.

Hapo Waziri akamgeukia Stefano, akataka kujua mbona leo kanyamaza, na mianzi ni mali ya kwao milimani. Macho yote yakatua kwenye tenga. Stefano alihisi jasho, na ulimi ukamponyoka.

— Anafuga mwanaume, alisema.

Benchi likaangua kicheko. Utamu ulikuwa umemkolea, akaendelea. Alisema ni jitu la uvivu, linalishwa, linakandwa miguu, halitoki nje mchana, na mianzi ni kwa ajili yake. Waziri alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. Stefano naye akacheka, huku moyo unamsuta.

Wakati huohuo akapita kijana mmoja aliyehamishiwa mjini kutoka Gairo wiki hiyo. Akasema shikamooni wazee, akapewa kikombe, akasimuliwa dola, video, mamba na mwanaume. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

— Mimi nimepita njia ya sokoni sasa hivi, alisema. Upande ule baraza liko wazi kabisa. Mama wa watu amekaa anasahihisha madaftari, na salamu yangu ameitikia. Mbona mianzi ameiotesha upande huu wenu tu?

Redio alikuna goti. Waziri akanyoosha kikombe, na muuza kahawa akainamisha birika, yakatoka mashapo matupu.

Stefano aliona aibu, tena si kidogo. Akainuka, akabeba tenga lake, akavuka uchochoro mchana kweupe mbele ya wote.

— Tenga, unakwenda wapi?

— Kuziba pengo, alisema.

Alipiga magoti barazani, akafukia shina, majani yakaziba mwanya wa mwisho. Akiwa bado ameinama alisikia kikombe kikiwekwa chini, kisha Waziri akikohoa, karibu kama vile anamkohoa sikioni. Kumbe mianzi inazuia macho tu. Muda wote huo Mwalimu alikuwa anasikia kila neno, na la leo asingelikosa.

Mwalimu Josephina akatoka ndani na chupa ya chai na vikombe viwili.

— Karibu, Bwana Stefano, alisema. Niambie wewe unayemfahamu. Huyo mwanaume ninayemfuga, anatumia sukari vijiko vingapi?

Stefano alitazama chini. Ng'ambo hapakusikika hata mtu kumeza mate.

— Viwili, Mwalimu, alijibu, kwa sauti ya chini kadiri alivyoweza.

— Kasema viwili, Redio akatangaza.