Mama Yetu, Aliyeogopa Kufumba Macho

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1948, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkewe, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha ufundi. Tangu utotoni alikuwa mtu wa mawazo. Mama yake alimpa jina la Mbali, kwa kuwa mwili wake ulikuwa jikoni lakini akili iko mbali, na maharage yakiungua mbele ya pua yake.

Maswali yake hayakuwa na simile. Siku moja alimuuliza baba yake, "Baba, kiatu chekundu kikiwa ndani ya boksi, gizani, bado ni chekundu?"

"Mwanangu," baba akajibu huku akipiga msumari, "mimi nashona tu. Muulize aliyekinunua."

Jumamosi, tarehe 8 Septemba 1956, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kibanda pamoja na mdogo wake wa kike, mwenye umri wa miaka minne na kovu kidevuni. Baba alikuwa ndani akitafuta uzi. Siku hizo Mbali alikuwa akijiuliza kama dunia hubaki pale pale mtu asipoitazama. Akafumba macho, akahesabu hadi ishirini. Alipoyafumbua, mtaa ulikuwepo: baiskeli ya muuza maziwa, mbwa, marobota ya vitambaa. Mdogo wake hakuwepo.

Alitafutwa kwa wiki tatu, kwenye visima, stesheni na nyumba kwa nyumba. Hakuonekana, wala hata kandambili yake.

"Ulikuwa unafanya nini?" baba alimuuliza.

"Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu."

Alikuwa peku siku hiyo. Baba aliitazama miguu yake, na hakuuliza tena mpaka anaingia kaburini.

Marehemu alimaliza shule ya msingi mwaka 1962 na sekondari mwaka 1966. Walimu waliokuwa wakilalamika kwamba anaota ndoto mchana walishangaa kumwona akishika nafasi ya kwanza katika hesabu. Wakasema mtoto amepata akili. Mwenyewe alituambia uzeeni, "Akili gani? Nilikuwa na hofu tu."

Mwaka 1968 aliajiriwa katika kituo cha hali ya hewa, akafanya kazi hapo kwa miaka thelathini na mitano. Alisoma kipimajoto, akapima mvua, akaandika mawingu daftarini, na hakukosa zamu hata moja. Wenzake walimtania, "Dada, mvua itanyesha hata usipoitazama." Utani huo hakuwahi kuucheka.

Kituoni hapo ndipo alipokutana na fundi umeme aliyekuja kubadilisha nyaya. Walifunga ndoa tarehe 22 Julai 1972. Wiki moja kabla ya harusi alimweleza mchumba wake habari ya kuhesabu hadi ishirini. Hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote kwa miaka kumi na sita. Baba yetu akasema, "Uliufumbia macho mtaa mzima. Mbona mbwa alibaki?" Marehemu alilia mpaka akashikwa na kwikwi.

Maneno yale yalimpoza, hayakumponya. Sisi wanawe tulikua tukimwona akinawa uso nusu nusu, jicho moja likiwa wazi kututazama. Mjini alikuwa akiwafuata wanawake wenye kovu kidevuni. Mara moja, kwenye foleni ya benki, alimgusa mmoja bega: "Samahani mdogo wangu, kovu hilo ulilipata wapi?" Yule mama alikuwa ameumwa na paka. Marehemu aliomba radhi, akarudi nyumbani, akalala siku mbili.

Mwaka 2011 aligunduliwa kuwa na presha ya macho, na kufikia mwaka 2014 hakuona tena. Tuliogopa kwamba giza lingemuua. Badala yake aliketi barazani akaanza upya kuuliza, kama mtoto: upepo ukitulia umekwenda wapi? Jina la mtu hukaa wapi asipoitwa? Wakati mwingine aliinua mkono kutunyamazisha, akasema, "Kuna mtu ameketi hapa kando yangu." Tulitazama. Hatukuona mtu. Hatukuthubutu kumwambia.

Moyo wake ulidhoofika mwezi Septemba mwaka huu. Akiwa hospitalini aliagiza wasifu huu uandikwe, akamsimamia mwanawe wa kwanza neno kwa neno.

"Mama, huyo mdogo wako tumuweke kwa waliotangulia," mwanawe alimwambia. "Miaka sitini na mitatu sasa."

"Umemwona amekufa?"

"Sijamwona."

"Basi andika nilivyokwambia."

Alifariki Jumanne, tarehe 5 Novemba 2019, saa nne asubuhi.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja wa kike, mwenye umri wa miaka sitini na saba.

Mola amlaze mahali pema, na atupe subira sisi aliotuacha.