Marlys Sundvall na Sahihi Yake ya Mwisho

Marlys Sundvall, binti wa Toivo na Elaine Kinnunen, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 mjini Cloquet, Minnesota. Kaka yake Wayne anasimulia kwamba tangu utotoni hakuamini kitu kwa kukiona juu juu. Aliikoroga supu ya mama yao hadi chini ya sufuria ndipo akubali kwamba ina nyama.

Alisoma Cloquet, akahitimu kemia katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Duluth, mwaka 1983. Alipima maji ya mji kwa miaka mingi. Mwaka 2018 alihamia kiwanda cha vifuko vya kafeini, vile ambavyo madereva na wauguzi hubana kati ya mdomo na ufizi ili wasisinzie. Wauzaji wa unga wa kafeini walipomletea sampuli nzuri nzuri, alisema kizuri chajiuza, kisha akaenda kufungua pipa mwenyewe na kuchota chini kabisa. Hakuna fungu, yaani vifuko vilivyotengenezwa kwa mkupuo mmoja, lililotoka kiwandani bila sahihi yake, na kabla ya kusaini alipima vifuko vya mwanzo, vya kati na vya mwisho. Unga usipochanganyika sawasawa, kifuko kimoja huweza kubeba kafeini ya vitatu, na mwenye moyo dhaifu akaumia.

Tarehe 7 Juni 1986 aliolewa na Dale Sundvall, dereva wa lori, ambaye baadaye alikuwa mteja mwaminifu wa vifuko hivyo. "Mke wangu kapima," Dale alizoea kusema, "mimi wasiwasi wa nini?"

Oktoba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alikaidi, akafanya kazi hadi Desemba. Mwishoni mwa Januari, akiwa kitandani, alikumbuka jambo lililomtoa machozi. Siku yake ya mwisho kazini dawa zilimzungusha kichwa, akapima vifuko vya sanduku la kwanza tu, akatia sahihi. Fungu lilikuwa tayari madukani.

"Dale, kitoe hicho kifuko mdomoni."

"Kimenifikisha Fargo na kunirudisha, mke wangu."

"Kitoe, nakwambia. Sikukipima."

Dale alikitoa. Marlys alimpigia simu Kalia Vang, msaidizi wake maabarani, akakiri yote. Kiwanda kilisimamisha mauzo, na Kalia akafungua sampuli za akiba za fungu lile. Hakutaka kutoa majibu kwa simu. Alikuja mwenyewe, viatu vimejaa theluji.

"Ya mwanzo sawa, mama. Ya kati sawa."

"Na ya mwisho?"

"Sawa. Nimeirudia, maana nakujua."

"Ulichukua vya chini ya sanduku?"

"Vya chini kabisa."

Marlys alicheka, jambo ambalo hatukuliona tangu Krismasi. Akaomba kahawa, akanywa kidogo, akasema ni nyepesi mno, akalala usingizi mzito.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2025, mkono wake ndani ya mkono wa Dale. Tunalia, lakini tunashukuru sana kwamba hakuondoka na ule mzigo.

Ameacha mume wake Dale, binti yake Britta, mkwewe Trevor, wajukuu Soren na Linnea, na kaka yake Wayne. Baada ya mazishi, karibuni kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa. Britta amepika kahawa nzito, na ameikoroga hadi chini.

Apumzike kwa amani Marlys wetu. Hata fungu lako la mwisho limepimwa.