Historia ya Marehemu Silas Mwanyumba, Aliyeniachia Zamu ya Farasi

Ndugu waombolezaji, mlio hapa Jeddah sebuleni kwa dada Asumpta, na ninyi mnaotusikiliza kwa simu kutoka Wundanyi, mama mkubwa Selipher na shemeji Yvonne mkiwa mbele, mimi naitwa Bonface, mtoto wa mama mdogo wa marehemu, na familia imenipa kazi hii ya kusoma ingawa niliomba apewe mtu mwingine, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu Silas Mwanyumba alizaliwa tarehe 3 Mei 1988 nyumbani Wundanyi, kaunti ya Taita Taveta, akiwa mtoto wa tatu wa hayati mzee Mwanyumba na mama Selipher. Alisoma shule ya msingi huko huko, akamaliza kidato cha nne mwaka 2006, na walimu wake watakumbuka kwamba alishinda mbio zote za wilaya lakini hesabu zikamshinda yeye. Tarehe 6 Desemba 2014 alifunga ndoa na Yvonne, wakajaliwa watoto wawili, Eddah na Dominic.

Mwezi Machi 2017 alikuja Riyadh, ambako mimi nilikuwa nimetangulia, na ni mimi niliyemwombea kazi kwa kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, katika zizi la farasi nje ya jiji. Kwetu Taita hatuna farasi, na siku ya kwanza alipomwona Najma, yule jike wa kijivu, alisema huyu ni punda aliyepelekwa shule, lakini mwaka haukuisha kabla hajamjua hadi kikohozi chake. Zizini kwetu farasi hunywa kwanza, mtu baadaye, na Silas aliishika desturi hiyo kama Amri Kumi.

Mwaka huu bosi wetu Hamdan alituandikisha sisi wawili na Najma katika mbio zilizofanyika nje ya Jeddah, Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025. Mbio hizo ni za watu wawili na farasi mmoja, mmoja hupanda akatangulia, humfunga farasi njiani na kuendelea kwa miguu, mwenzake akifika humfungua, hupanda, humpita yule wa kwanza, na hivyo hivyo kwa kupokezana mpaka wote watatu wavuke mstari. Kila kituo daktari wa mifugo humpima farasi mapigo ya moyo, na yakiwa juu haruhusiwi kuondoka mpaka yashuke, lakini mtu hapimwi.

Kituo cha mwisho nilifika na Najma, akazuiliwa kwa mapigo kuwa juu, nami nikabaki naye. Silas alifika kwa miguu baada ya kipande kirefu, jua likiwa la utosi, akaikuta ndoo moja tu ya maji imebaki, akaichukua mwenyewe akamnywesha Najma, na yaliyosalia akammwagia shingoni. Fulana yake ilikuwa kavu. Sisi watu wa farasi tunajua kwamba mnyama akiacha kutoka jasho juani, anavuliwa tandiko pale pale, na kama ingekuwa Najma ningepiga kelele, lakini kwa kuwa alikuwa Silas, nilimtania kwamba leo hata jasho hana, alilala kivuli cha nani? Alicheka. Najma aliporuhusiwa, zamu ya kupanda ilikuwa yake, ila aliona damu ya lengelenge kwenye soksi yangu, akasema, "Panda wewe, basi, halas, mimi niko sawa." Nikapanda.

Nilivuka mstari nikasimama na Najma akipimwa, na mapigo yake yalikuwa mazuri, watu wakanipongeza, huku Silas ameanguka njiani nyuma yetu. Alipelekwa hospitali hapa Jeddah, joto lilikuwa limempanda kichwani na figo zikakataa kazi, na Alhamisi tarehe 13 Novemba, saa kumi alasiri, akaaga dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, dada Asumpta aliyekesha naye, majirani wa mtaa wa Karantina walioleta chakula na kupanga foleni za karatasi za kusafirisha mwili, bosi Hamdan, na wenzetu wa zizini waliotoka Riyadh kwa barabara usiku kucha kuja kumuaga.

Shemeji Yvonne, uliniuliza kwa simu nilikuwa wapi mume wako alipoanguka, nami nikakujibu kwamba nilikuwa mbele, kisha nikasingizia mtandao nikakata. Nilikuwa juu ya farasi, katika zamu yake. Kesho nitasafiri na mwili, na mkitaka kunifukuza matangani, nitasimama nje ya boma mpaka azikwe.

Basi pumzika, Silas, Mungu akupe amani yake, na unisamehe ndugu yangu, nilipaswa kushuka.