Siku Niliyomnyamazia Gidioni

Sogeeni, wanangu, sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni. Privatus, zima hiyo redio. Jovitha, niinue kidogo, mto uweke mgongoni, hapo panatosha. Na wewe Avelina, kaa mbele yangu nikuone uso. Mwenyekiti Gaudence ataandika nisemayo, na simu yake inanirekodi, ili kesho asije mtu akasema mzee Leonidasi alikuwa anaweweseka. Nisikilizeni mpaka mwisho, wala asiniambie mtu nipumzike, maana tangu miguu hii ivimbe sina kazi nyingine ila kupumzika.

Nyumba hii ni ya Privatus. Migomba ya nyuma mpaka kisimani ni ya Jovitha, na asitokee mtu Murusagamba nzima wa kumwambia mtoto wa kike harithi. Niliipanda mimi na ninaigawa mimi. Ng'ombe wawili waliobaki, mmoja mchinje siku ya msiba, mwingine maziwa yake yawe ya wajukuu wote.

Sasa lile zito. Mnajua kila mwaka, mvua za Novemba zikishika na ukungu ukashuka, nilikuwa nachukua fimbo na koti napanda mlimani peke yangu kutwa nzima, kisha narudi nimelowa chepechepe, sina hata ukuni mmoja mkononi. Mama yenu, Mungu amrehemu, alidhani nina mwanamke upande wa Burundi. Majirani walisema naenda kwa waganga. Mimi niliwaambia nimejifunza kwa yule mzungu mchimba visima, Mskoti, aliyekuwa akipanda milima yetu siku za mapumziko bila ng'ombe wala panga, akisema kwao watu huenda milimani peke yao kwenye baridi na ukungu kwa kufurahi tu. Mkacheka, mkaridhika. Nilimsingizia bure mtu wa watu, kwani mimi sikufurahi kule hata siku moja.

Gidioni, mdogo wangu, baba yake Avelina, mmeambiwa alipotea kwenye ukungu akaanguka gengeni. Ni kweli, lakini ni nusu. Mwaka ule alilazwa Rulenge wiki tatu kwa homa, na mimi huku nyuma nikang'oa minyaa ya mpaka aliyotuachia baba, nikaipanda upya hatua arobaini ndani ya shamba lake, kule bondeni kwenye udongo mweusi. Aliporudi aliona. Hakunipeleka kwenye baraza. Alisimama pale mpakani, mbele ya wake zetu, akaniambia, "Kaka, ungeniomba ningekupa." Neno hilo liliniuma kuliko tusi, nikaapa sitasema naye tena. Mwizi nilikuwa mimi, na aliyenuna nilikuwa mimi.

Mwezi haujaisha, mtamba wetu wa urithi akapotea mlimani. Tukapanda kumtafuta, yeye upande wake na mimi upande wangu, hatusemezani. Saa nne asubuhi ukungu ukatufunika, hata mkono wako huuoni. Nanyi mnajua wachungaji wa huku tunavyofanya: ukungu ukishuka unasimama ulipo unaita, na anayesikia anaitika, na anaendelea kuitika mpaka mwenzake aifuate sauti amfikie. Haulizi kwanza ni ndugu au ni adui. Gidioni aliita. Aliniita kwa jina, "Kaka Leonidasi! Kaka Leonidasi!" Hakuwa mbali, ni kama kutoka hapa hadi kisimani. Nikakaa juu ya jiwe, nikanyamaza. Nilisema moyoni, na ahangaike kidogo, akome na wema wake. Sikutaka afe, Avelina. Mungu ananiona, sikutaka afe. Aliita mpaka sauti ikamkauka, halafu nikasikia mawe yanaporomoka, halafu sikusikia kitu. Ndipo nikaita mimi. Niliita mpaka ukungu ukaondoka wote.

Msibani nikasema sikusikia chochote. Mama yako Secilia akaniamini, akanishukuru kwa kuwa nilimshusha mumewe mlimani nimembeba mgongoni, na aliporudi kwao Bisibo akakuacha mikononi mwangu hujaota hata jino. Nikakulea. Kila uliponiita baba nilifurahi na kuumia papo hapo. Na kila Novemba nilikwenda kukaa kwenye jiwe lile, nikimwita. Nilidhani iko siku nitachoka, kumbe miguu ndiyo imetangulia kuchoka.

Andika, Gaudence. Minyaa ing'olewe, irudi pale alipoipanda baba. Shamba la Gidioni na bonde lote la udongo mweusi ni la Avelina, yeye na watoto wake. Privatus, usinitazame hivyo. Najua mikahawa ile ya bondeni umeipanda kwa mikono yako; nilikuona ukiipanda nikanyamaza, kwa hiyo na wewe nimekukosea. Vuna ya mwaka huu, kisha utoke. Ukimsumbua dada yako kwa neno lolote, jina langu usilitaje tena.

Na msinizike kando ya Gidioni. Najua nilijitengea mahali pale, nilikuwa na uso mkavu. Nizikeni huku upande wa barabara, kaburi la udongo tu, msijengee... Maji, Jovitha. Kidogo. Inatosha.

Avelina, mbona unasimama? Sijakuomba unisamehe, mwanangu. Nilitaka tu usikie kutoka kwangu, usije ukasikia... Privatus, mwachie mkono. Mwache apite, nimesema. Aliyekufa ni baba yake.

Wanangu, Mungu awape uzao na mvua kwa wakati wake. Awape... awape kulala usingizi, ule nilioukosa mimi. Na Avelina apewe zaidi yenu, hata kama hataki kitu kutoka kinywani mwangu. Liandike hilo nalo, Gaudence.

Jovitha, chungulia dirishani. Amefika wapi? ... Kwenye njia ya mlimani? ... Na hajageuka? ... Hata kidogo?

Haya. Msimwite. Nifunikeni miguu, nasikia baridi.