Nilipiga Ban Kabla ya Kusoma

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mama présidente, samahani, nimekukatisha. Naona mikono iko juu tayari kupigia makofi règlement, hii sheria mupya ya kikundi yetu ya kusoma, na karatasi bado iko kwa katibu. Muniache kwanza niseme. Kisha mutapiga, kama bado munataka.

Wengi munanijua. Kuna miaka muliniita honorable, nikivaa koti hata jua ikiwaka. Nilikuwa mutunga sheria. Leo nasema kitu hata bibi yangu niliyemuoa hakuijua: Kifaransa ya salamu ninayo, lakini Kifaransa ya sheria ilikuwa inanishinda. Karatasi zinafika asubuhi, nene hivi, na muchana tunavote. Nafungua, naangalia mistari, nafunga. Kuuliza? Honorable muzima aulize maana ya neno? Haya ilinizuia.

Lakini sauti ninayo, si munaisikia? Mukubwa wa kikao akisema "Adopté!", yaani sheria imepita, ni mimi nilikuwa naongoza ban, yale makofi ya pamoja: pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa! Wenzangu wanacheka, wananipenda. Hakuna aliyeniuliza kama nimesoma, maana wengi wao pia hawakusoma.

Siku moja ikaja sheria yenye neno divagation. Nikamuuliza jirani yangu kwa ujanja, "Na hii tena?" Akasema, "Ee, usafi wa muji tu, mambo ya mifugo." Usafi! Nani anakataa usafi? Nikainua mukono, nikapiga ban mpaka viganja vikawaka.

Sasa musikie. Nina yaya moja tu, dada yangu mukubwa, mujane. Alikimbia vita kule milimani kwa miguu, akivuta ng'ombe moja, ya mwisho ya baba yetu. Zingine zote ziliibwa. Aliifikisha hapa Bunia, akaifunga nyuma ya nyumba, na kila asubuhi alikuwa anaisemesha kama mutu.

Kamba ikakatika. Ng'ombe ikatoka mpaka barabara kubwa, ikasimama kula majani ya mutaro. Kumbe divagation ni mifugo kuzurura, na ile sheria, kifungu ya saba, ilisema munyama akikutwa barabarani, auawe palepale. Yaya alifika mbio, kamba mukononi, akaikuta imelala chini.

Akaja kwangu na kile kifungu, mutu alikuwa amemuandikia kwa kikaratasi. Hakulia.

"Mudogo wangu, hii sheria ni yenu?"

"Ni yetu, yaya."

"Weye uliisoma?"

Ndugu zangu, pale ndipo nilianguka. Niliona haya kuliko niliona huruma. Nikasema, "Nilisoma."

Akaniangalia sana. "Basi uliona ng'ombe ya baba mule ndani, na ukainua mukono."

Akaenda. Mpaka leo hajakanyaga kwangu.

Mandat, ile miaka yangu ya kutunga sheria, ikaisha, pombe ikanipokea. Hata kwa ndoa za watu, makofi yakianza, mimi natoka nje. Nilikaa hivyo muda murefu, musifikiri ni wiki mbili. Mwisho, bibi yangu akanishika mukono akanileta hapa, kwa darasa hii ya wakubwa, na ile sheria ndani ya koti. Mama mwalimu, hukunicheka. Ukurasa wa kwanza tu ulitumalizia wiki nzima. Tulipofika kifungu ya saba nilisoma mwenyewe: abattu, auawe. Ilikuwa pale wazi, mistari miwili. Nililia mbele yenu kama mutoto, na munakumbuka, hamukujua sababu. Sasa munajua.

Aksanti, mama mwalimu. Aksanti, bibi yangu, kwa kunivumilia. Aksanti na siye wote tunaosoma polepole hapa bila kuchekana.

Watu wanasema sheria ni nyingi, mutunga sheria ana washauri, hawezi kusoma yote. Sawa. Lakini mukono ulioinuka ni wangu, si wa mushauri. Basi hii règlement, katibu aisome kifungu kwa kifungu, kwa Swahili, na asiyeelewa ainue mukono uleule wa kuvote. Tukichelewa, tuchelewe.

Neno ya mwisho si yenu wote. Yaya, nakuona pale karibu na mulango. Uliniuliza swali, nikakudanganya.

Hapana, yaya. Sikuisoma.